Mwenye kumpokea mgeni naye ahesabiwe

Kila mwaka kundi la waendesha baiskeli huondoka Dar es Salaam kuelekea Butiama, kijiji alikozaliwa na alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Msafara huo unaitwa Twende Butiama. Ulianza mwaka 2019, na njia yake inazidi kilomita 1,000. Si mashindano ya mbio. Njiani waendeshaji hupanda miti, hupeleka madawati shuleni na kushirikiana na waganga kutoa huduma za afya kwa wanavijiji.

Mkaaji wa Uvira akisikia habari kama hiyo huuliza mara moja: je, hapa haiwezekani? Barabara ipo, hata kama ina mashimo. Baiskeli zipo, na wenye kuzijua kuziendesha ni wengi. Wenye shida ya kusaidiwa wanajaa kila kata. Siku barabara itakapokuwa salama, msafara wa namna hiyo kutoka Uvira hadi Baraka ungewezekana, na ungefaa sana. Lakini ungefaa kwa sharti moja: usimsahau mtu ambaye misaada karibu yote humsahau, yaani mwenye nyumba aliyempokea mgeni.

Ili sharti hilo lieleweke, mtu atazame vizuri safari ndefu ya baiskeli inavyokwenda. Aliye ndani ya gari hufunga kioo na kupita. Aliye juu ya baiskeli hana mlango wa kufunga. Mvua ikinyesha inamnyeshea, jua likiwaka linamwakia, tairi likitoboka anashuka na kusimama mbele ya nyumba ya mtu asiyemjua. Anahitaji maji, tena mengi. Anahitaji kivuli, mtu wa kumwonyesha njia isiyo na tope, fundi wa kuziba tundu, na usiku unapoingia anahitaji mahali pa kuweka kichwa. Hata msafara wenye gari la akiba nyuma hauwezi kubeba kila kitu. Kwa hiyo kabla mwendesha baiskeli hajatoa msaada kwa mtu yeyote, yeye mwenyewe amekwisha kusaidiwa na watu wengi wasiojulikana.

Picha zinazopigwa mwisho wa safari hazionyeshi hao. Zinaonyesha fulana mpya, bendera na mikono iliyoinuliwa. Mama aliyechota maji ya kunywa kutoka mtungi wake hayumo. Kijana aliyeacha kazi yake nusu saa ili kurekebisha mnyororo hayumo. Hakuna ubaya katika kumshangilia aliyeendesha kilomita 1,000. Ubaya huja pale watu wanapoamini kwamba hisani ilikuja na baiskeli, wakati nusu yake ilikuwa tayari kando ya barabara ikingoja.

Kwenye mwambao huu wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, baiskeli, au kinga kama wengi wanavyoiita, ni chombo cha kazi. Inabeba makaa, muhogo, magunia, bidoni za maji, na mara nyingine mgonjwa anayepelekwa kituo cha afya. Ng'ambo ya mpaka, vijana wa Burundi huteremka milima kuelekea Bujumbura wakiwa na mizigo ya ndizi inayozidi urefu wao. Na vita vinapokuja, baiskeli hiyo hiyo hugeuka kuwa gari la familia: godoro nyuma, sufuria pembeni, mtoto juu ya mtaimbo, baba akisukuma, mama akifuata na mzigo kichwani. Safari ndefu za baiskeli, basi, zimekwisha kufanyika hapa mara nyingi. Hazikuwa na fulana wala bendera, na walioziendesha hawakuchagua tarehe ya kuondoka.

Walifika wapi? Jibu la swali hilo ni historia nzima ya pwani hii, na ni historia ya watu kupokeana kwa zamu.

Mwaka 1972 Warundi waliokuwa wakikimbia mauaji nchini mwao walivuka na kuingia upande huu. Mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba, wakaja wengine. Mwaka 1996 mambo yakageuka: vita vilipoanza Kivu ya Kusini, watu wa Uvira na Fizi wakapanda mitumbwi na mashua kuelekea Kigoma, na mwaka huo huo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Kuna watoto waliozaliwa Nyarugusu ambao leo ni wazazi. Mwaka 2015 Burundi ikaingia tena katika msukosuko, na watu wa Fizi, ambao wengi wao walikuwa wamekula chakula cha ukimbizi Tanzania, wakaona kambi ya Lusenda ikifunguliwa kwenye ardhi yao kwa ajili ya Warundi.

Kisha ikaja Februari 2025. Bukavu ilipoanguka, maelfu ya watu wa uwanda wa Rusizi walivuka mto kuingia Burundi, na uwanja wa mpira wa Rugombo ukajaa familia zilizolala chini ya anga. Baadaye wengi walihamishiwa Musenyi, mkoani Rutana. Desemba ya mwaka huo vita vikafika Uvira penyewe, na watu wakapita Kavimvira kuelekea Gatumba. Gatumba si mji wa matajiri. Ni mahali ambapo mwaka 2020 maji ya Rusizi yaliingia majumbani na kufukuza maelfu ya wakaaji. Walioona watu wa Uvira wakipita na magodoro walijua vizuri maana ya kulibeba godoro lenyewe.

Aliyepokea jana ndiye anayepokewa leo. Hilo halihitaji hotuba, kila familia hapa ina ushahidi wake. Hata bila vita, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba, waliopoteza vyote walikimbilia kwa majirani kabla shirika lolote halijafika. Asubuhi ile mtu hakuulizwa kabila wala kadi. Aliulizwa kama watoto wote wapo.

Sasa, misaada inapokuja, inahesabu nani? Inahesabu walio katika kambi, walio shuleni, walio kanisani, walio uwanjani. Hao wanaonekana, na ni haki wahesabiwe. Lakini hapa Kongo sehemu kubwa ya watu waliohama makwao haiishi katika kambi. Inaishi katika nyumba za watu: kwa ndugu, kwa rafiki wa ndugu, kwa muumini wa kanisa moja, na mara nyingi kwa mtu ambaye hakuwajua kabisa hadi jioni walipobisha hodi. Mwenye nyumba hiyo huandikwa kama anwani tu ya mgeni. Shida yake yeye haiandikwi.

Shida hiyo inaweza kupigiwa hesabu. Chukua nyumba ya watu saba inayopokea wageni sita. Unga uliotosha siku 30 unakwisha siku ya 16. Mashirika ya misaada yana kipimo chao cha maji: angalau lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku. Nyumba ile ya watu saba ilihitaji bidoni tano za lita 20 na kidogo juu. Sasa ni watu 13, na bidoni zinakaribia kumi. Zinachotwa na nani? Na msichana wa nyumba hiyo, kabla ya shule, ikiwa bado anaenda shule. Kipimo hicho hicho kinasema choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20. Katika viwanja vingi vya Uvira nyumba mbili au tatu zinatumia choo kimoja. Kila nyumba ikipokea wageni, kipimo hicho kimevunjwa siku ya kwanza.

Hapo jambo linatoka jikoni na kuwa la mji mzima. Uvira ni mahali ambapo kipindupindu hakikomi, kinapungua na kurudi mwaka baada ya mwaka. Maji safi hayajawahi kuwafikia wote. Choo kinachofurika katika kiwanja kimoja cha Kasenga au Kalundu si tatizo la mwenye kiwanja peke yake. Kumsaidia mwenye nyumba aliyejaza wageni ni kumkinga jirani yake, na jirani wa jirani yake.

Wapo wanaosema kwamba ukarimu haulipwi. Wanaona ukianza kuwapa kitu wanaopokea wageni, utu utageuka biashara, na kesho hakuna atakayefungua mlango bila kuuliza kwanza atapata nini. Hoja hiyo ina uzito. Kweli wapo waliowatoza wakimbizi bei ya chumba isiyo na huruma, na wapo waliowageuza wageni kuwa vibarua wa bure. Lakini hao wabaya si sababu ya kuwaacha wema wachoke. Mtu aliyewapokea watu sita bila kuahidiwa chochote hakufanya biashara. Kumletea gunia la unga mwezi wa tatu si kumlipa. Ni kumsaidia aendelee na alichokwisha kuanza mwenyewe.

Wengine huleta methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo hutumiwa siku hizi kama fimbo ya kumfukuzia mtu. Lakini wazee walioisema hawakusema siku ya tatu mfukuze. Walisema mpe jembe, na katika kijiji chao jembe lilikuwa na mahali pa kulimia. Mgeni aliyepewa jembe alikuwa amepewa pia kipande cha shamba na nafasi ya kula jasho lake. Aliyekimbia kutoka Sange au Luvungi na kupanga kwenye chumba cha nyuma kule Kimanga anaweza kupewa jembe leo, alime wapi? Methali hiyo, ikisomwa sawasawa, haimdai mgeni peke yake. Inawadai machifu na wenye mashamba watoe ardhi ya msimu mmoja, na inawadai wenye kutoa misaada walete mbegu pamoja na unga.

Kwa hiyo msafara wa baiskeli kati ya Uvira na Baraka, ukiwezekana siku moja, upangwe hivi.

Umbali haufiki kilomita 100. Kwa mtu mzima aliyezoea baiskeli ni safari ya siku mbili bila haraka, ikipita Makobola, Swima na Mboko, ziwa likiwa mkono wa kushoto na milima kulia. Waendeshaji wawe watu wa hapa: vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli, wanafunzi, wauguzi, walimu, wanawake kwa wanaume, na walioko kwenye ukimbizi wakiwemo. Kila mmoja atafute watu wa kumchangia, hata kama ni franka chache kwa kila kilomita. Walioko Ulaya, Marekani au Bujumbura wanaweza kuchangia zaidi, na wengi wangependa kufanya hivyo wakijua pesa zinakwenda wapi.

Waendeshaji wabebe chakula chao. Hili si jambo dogo. Watu wa pwani hii wana aibu ya kumwacha mgeni apite na njaa, na mama asiye na kitu atachinja kuku wa mwisho kwa ajili ya watu waliokuja kwa jina la hisani. Msafara unaokula akiba ya maskini ili kuwasaidia maskini umepotea njia. Anayepokea maji ashukuru. Anayealikwa kwenye sahani ya ugali na ndagala aulize kwanza, kwa heshima, watoto wamekula nini.

Pesa zikipatikana, zianze na nyumba zilizopokea watu wengi kuliko uwezo wao. Orodha isitengenezwe ofisini na mtu mmoja. Shefu wa avenue anajua nyumba zake, lakini ana ndugu zake pia. Basi akae pamoja na mtu wa parokia, mtu wa msikiti, mtu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, mama mmoja wa soko, na mwakilishi wa waliohama. Orodha ya kila mmoja ilinganishwe na ya mwenzake. Nyumba iliyotajwa na wote ndiyo ya kwanza. Msaada uwe wa vitu vinavyopunguza mzigo wa pande zote mbili: bamba na shimo jipya la choo, gunia la unga, turubai ya kuongeza chumba, bidoni zenye vifuniko, karo ya mtoto wa mwenyeji na ya mtoto wa mgeni kwa kiasi kimoja. Palipo na shamba, jembe mbili, si moja.

Hesabu zisomwe redioni: kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, kilichonunuliwa na bei yake. Majina ya familia yasisomwe kamwe. Katika eneo ambalo silaha hubadilisha mikono, kutangaza nani anamlaza nani kunaweza kumletea mtu hatari usiku. Na picha za mama akipokea gunia mbele ya kamera ziachwe. Picha ya choo kilichojengwa inatosha.

Jambo la mwisho kuhusu baiskeli zenyewe. Mwaka 2005, baada ya tsunami kuharibu pwani ya Sri Lanka, lilianzishwa shirika liitwalo World Bicycle Relief, ambalo liligawa baiskeli imara kwa walionusurika ili waweze kufika kazini, shuleni na hospitalini. Baadaye likafanya kazi hiyo hiyo Zambia na nchi nyingine za Afrika. Wazo lake ni rahisi na linafaa hapa: baiskeli ni msaada inapobaki. Msafara ukifika Baraka, baiskeli chache zilizonunuliwa kwa michango ziachwe kwa wahudumu wa afya wanaotembea kwa miguu kati ya vijiji, na kwa familia mbili mbili, mwenyeji na mgeni, wazitumie kwa zamu kubebea mzigo sokoni.

Mgeni naye ana sehemu yake, na wengi wanaitimiza bila kuambiwa. Aliyepokewa huamka mapema kuchota maji, hufagia ua, hushika zamu ya choo. Akipata mgao, husema ukweli kwamba ameupata, na hupima kikombe kimoja kwa ajili ya sufuria ya nyumba. Vurugu nyingi kati ya familia zinazokaa pamoja hazianzi kwa sababu ya njaa. Zinaanza kwa sababu ya chakula kilichofichwa, au kwa sababu mwenyeji aliona magunia yakishushwa kwa wageni wake mara tatu huku yeye akiangalia tu. Kosa la namna hiyo si la mgeni. Ni la aliyetengeneza orodha bila kuuliza ni nani anayelala sebuleni kwake ili wengine wapate chumba.

Safari ya baiskeli itangoja amani ya barabara, na amani hiyo haiko mikononi mwa wanaokanyaga pedali. Lakini orodha haihitaji baiskeli. Avenue yoyote ya Uvira, kijiji chochote kutoka Kiliba hadi Lusenda, kinaweza kuianza wiki hii kwa daftari na kalamu: nyumba hii ilikuwa na watu wangapi, sasa ina wangapi, choo ni kimoja au viwili, unga unafika tarehe ngapi. Siku mashirika yatakapokuja kuuliza waliohama wako wapi, daftari hilo liwe limekwisha kujibu pia swali ambalo hawaulizi: waliowapokea wanaishi vipi?